Akiba Iwe Mdhamini Wetu

Hotuba iliyosomwa na Katibu katika Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu, Singida



Hesabu za miaka kumi zimepigwa chapa katika kurasa nyingine za kitabu hiki, pamoja na picha za maghala na za viongozi waliotutangulia. Hatutazirudia. Bodi imetuagiza tuseme juu ya jambo lisilopigika picha, yaani jina la mkopaji: namna linavyojengwa, namna linavyoharibika, na namna mtu aliyelipoteza awezavyo kulirudisha kwa kuiweka akiba yake mwenyewe kuwa dhamana. Jambo hili tulilazimika kujifunza kwa sababu ya aibu iliyotupata. Aibu hiyo tutaieleza bila ya kuificha, maana baadhi ya walioumizwa nayo wameketi hapa mbele yetu.

Kwanza tuseme jina la mkopaji ni kitu gani. Zamani kila kijiji kikubwa kilikuwa na mwenye duka, na kila mwenye duka alikuwa na daftari. Mtu alipokuja kuomba chumvi na mafuta ya taa hadi wakati wa mavuno, mwenye duka hakuutazama uso wake tu, bali alifungua ukurasa. Aliyelipa mwaka jana baada ya kuvuna alipewa. Aliyejificha nyuma ya zizi aliposikia kengele ya baiskeli ya mwenye duka hakupewa. Wazee wetu walilijua daftari hilo vyema, na wengine walilichukia. Upungufu wake mkubwa ni kwamba lilisomwa na mtu mmoja tu. Ukihama kutoka Ndago kwenda Itigi, uaminifu wako wote ulibaki Ndago ndani ya mtoto wa meza, nawe ukaanza upya kama mgeni.

Wala tusisahau kwamba katika nchi hii palikuwa na wakati ambapo Mwafrika hakutakiwa kuwa na jina la namna hiyo hata kidogo. Tangu miaka ya 1920 Serikali ya mkoloni ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika hakuweza kulidai deni hilo mahakamani, ila kama mkopo ulikuwa umeidhinishwa na wakuu wa Serikali. Ilisemwa kwamba sheria hiyo ni ya kutukinga tusinyonywe. Yamkini baadhi ya walioitunga walikuwa na nia hiyo. Lakini mtu asiyeweza kudaiwa hakopeshwi, na hivyo mkulima alifungiwa mlango hata kabla ya kubisha. Ndiyo maana vyama vya ushirika, vilipopata sheria yao mwaka 1932 na Chama Kikuu cha Kilimanjaro kikaandikishwa mwaka uliofuata, havikuwa na kazi ya kuuza mazao peke yake. Kwa wakulima wengi ushirika ndio uliowapa mkopo wa pembejeo bila ya kumpigia magoti mwenye duka.

Yaliyofuata mnayajua. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, na biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990 vyama vingi vilielemewa na madeni. Chama chetu kimezaliwa chini ya sheria mpya ya mwaka 2013 na usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, lakini kilirithi jina ambalo mabenki yalikuwa yamekwisha kulitilia shaka. Mzee mmoja wa Bodi ya kwanza alizoea kusema kwamba tulianza safari tukiwa tumebeba mizigo ya watu waliokwisha kushuka.

Sasa lipo daftari jingine. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania iliweka kanzidata ya taarifa za wakopaji, na ikatoa leseni kwa kampuni za kuchakata taarifa hizo, kama vile Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Benki inapotoa mkopo hupeleka habari zake: nani amekopa, kiasi gani, analipa kwa siku iliyopangwa au anachelewa. Mwombaji anapofika benki nyingine, benki hiyo huuliza na kujibiwa. Kwa hiyo uaminifu wa Ndago leo unasomeka Itigi, na unasomeka Dar es Salaam vile vile; na uzembe pia. Tofauti nyingine ni kwamba mwenye duka alijua kama mvua haikunyesha, akasamehe mwezi mmoja au miwili. Daftari hili jipya halijui mvua. Linajua tarehe.

Na hapa ndipo tulipoanguka.

Katika msimu mmoja wa miaka hii kumi, ambao wahusika wote wanaukumbuka, wanachama wa vyama vyetu viwili vya msingi walichukua mkopo wa mbegu bora za alizeti na mbolea, kila mmoja kwa jina lake. Tulikubaliana kwamba fedha za kulipa deni zitakatwa katika mauzo, na ofisi yetu itazipeleka kwa mkopeshaji. Wanachama walitimiza wajibu wao. Alizeti ililetwa, ikapimwa, makato yakafanywa, na kila mtu akapewa karatasi ya makato. Lakini fedha hazikufika kwa siku iliyopangwa. Sehemu yake ilitumika kulipia magari na gharama za ghala, kwa matumaini kwamba itarudishwa mnunuzi atakapomaliza kulipa. Mnunuzi akachelewa. Mwezi ukapita, miwili, mitatu, hata ikawa mitano. Hakuna aliyeiba, na wakaguzi walithibitisha hivyo. Lakini kutoiba peke yake si sifa ya kutosha kwa watu waliokabidhiwa fedha za wenzao. Mwishowe deni lililipwa lote, nasi tukadhani yamekwisha.

Mwaka uliofuata mama mmoja wa upande wa Ilongero, mfugaji wa kuku, alikwenda benki kuomba mkopo wa mashine ya kutotoleshea vifaranga. Karani akatazama katika kompyuta yake, akamwambia kwamba ana kumbukumbu ya kuchelewesha deni kwa miezi mitano na kwamba ombi lake haliwezi kupita. Mama akaja ofisini kwetu na karatasi yake ya makato aliyoifunga katika pindo la kanga. Akaifungua, akaiweka mezani, akauliza, "Wanangu, mimi nililipa au sikulipa?"

Tulimjibu kwamba alilipa. Akasema, "Basi nani alichelewa?"

Hatukuwa na neno la kumwambia, Bwana Mwenyekiti. Tulimkaribisha chai, naye akaikataa kwa upole.

Siku zile tulifanya mambo mawili. La kwanza tuliandika kwa mkopeshaji, tukaambatisha karatasi za makato, tukieleza kwamba kosa ni la ofisi na si la mkulima. Kila mwananchi ajue kwamba anayo haki ya kuiona taarifa yake na kupinga lililoandikwa kimakosa. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haki hiyo imepata nguvu zaidi. Pale palipokuwa na makosa ya hesabu, kama vile deni lililokwisha kulipwa kuendelea kuandikwa kwamba lipo, palisahihishwa. Lakini tuliambiwa wazi kwamba ucheleweshaji wenyewe haukuwa kosa la mwandishi. Fedha zilichelewa kweli, na mkopo ulikuwa kwa jina la mwanachama. Daftari halina safu ya kuandika nani aliyezikalia.

La pili lilikuwa kutafuta namna ya kuandika mambo mema baada ya yale mabaya. Na hapo tulisaidiwa na mtu ambaye hatukumtarajia.

Kijana mmoja, mtoto wa mwanachama wetu, aliyekwenda Marekani kusoma akabaki huko kufanya kazi, alikuja likizo wakati wa mavuno. Tukamsimulia. Akacheka kidogo, si kwa dharau, akasema yeye alipofika kule hakuwa na jina baya wala zuri: alikuwa hana jina kabisa, na kule asiye na jina hapangishwi hata chumba ila kwa shida. Benki ikamwelekeza achukue kadi ya mkopo yenye dhamana. Aliweka dola 200 benki, zikafungiwa. Naye akapewa kadi ya kununulia vitu kwa mkopo usiozidi dola 200 hizo hizo. Kila mwezi alinunua vitu vichache, nauli na mkate, akalipa deni lote kabla ya siku yake. Benki ikapeleka habari kwa kampuni tatu kubwa za kule, Equifax, Experian na TransUnion. Baada ya mwaka na kitu benki ikamrudishia dola zake 200 na kumpa kadi ya kawaida.

Tulimwuliza maswali mengi, kwa kuwa sisi tuliosoma hadi kidato cha nne tunapenda kujua mambo yanavyofanya kazi. Akatueleza kwamba kule mkopaji hupewa alama, na katika mfumo unaotumika sana, uitwao FICO, historia ya kulipa kwa wakati huchukua asilimia 35 ya alama, na kiasi cha deni unachobeba kulinganisha na ulichoruhusiwa huchukua asilimia 30. Kwa hiyo mtu mwenye kadi ya dola 200 anayeitumia yote kila mwezi huonekana kama mtu aliyebanwa, hata kama analipa. Wenye hekima hutumia chini ya theluthi moja. Na malipo yaliyochelewa hubaki katika kumbukumbu kwa miaka saba. Kwa kifupi, kule pia daftari halijui mvua.

Kadi za namna hiyo hazijaenea katika vijiji vyetu, wala hatuna haja ya kuzisubiri. Jambo lenyewe, yaani kukopa kwa dhamana ya akiba yako ili upate ushahidi wa kulipa, tunalo hapa hapa, na kwa hakika ushirika ulilijua zamani. Mwanachama wa saccos ana akiba ambayo haitoki maadamu yeye ni mwanachama na ana deni, mbali na amana anayoweza kuichukua apendapo. Akikopa kiasi kisichozidi akiba yake, akiba ndiyo inayomdhamini. Kadhalika benki nyingi hukubali amana ya muda maalumu iwe dhamana, na humkopesha mtu sehemu ya amana hiyo.

Tulipolitoa shauri hili katika mkutano wa Sepuka, mzee mmoja alisimama na fimbo yake akasema: "Ninyi vijana mmechanganyikiwa. Nina shilingi 200,000 zangu. Mnataka niziache kwenu, kisha mnikopeshe shilingi 200,000, kisha niwalipe riba. Ni nani aliyewahi kulipa kodi ya kulala katika nyumba yake mwenyewe?" Watu wakacheka sana, nasi tukacheka nao, kwa kuwa alikuwa amesema kweli kwa nusu.

Tulimpigia hesabu ubaoni. Tuseme riba ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, na mkopo wa shilingi 200,000 unalipwa kwa miezi kumi, shilingi 20,000 za deni kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni shilingi 2,000, wa pili 1,800, wa tatu 1,600, na hivyo hivyo hadi mwezi wa kumi ambapo ni shilingi 200. Jumla ya riba yote ni shilingi 11,000. Mwishoni mzee ana akiba yake ya shilingi 200,000 kamili, na ana miezi kumi iliyoandikwa kwamba alilipa kwa siku yake. Ile miezi kumi ameinunua kwa shilingi 11,000. Kama ana jina zuri tayari, au kama hana nia ya kukopa tena maishani, basi asiinunue. Atakuwa amepoteza fedha bure, na tutamsifu akikataa. Lakini kama jina lake limechafuka naye anahitaji shilingi 3,000,000 za trekta la mkono au za kuchimba kisima cha vitunguu, basi shilingi 11,000 si ghali. Mzee alitazama ubao kwa muda, akasema, "Andikeni riba ndogo zaidi, nitakuja." Akaketi. Hakuja mwaka ule, lakini alikuja mwaka uliofuata.

Kuna faida nyingine ambayo hatukuifikiria mwanzoni. Chama cha kukopeshana kilipoanzishwa Ujerumani, katika kijiji cha Heddesdorf mwaka 1864 chini ya Friedrich Wilhelm Raiffeisen, majirani walidhaminiana kwa mali zao zote. Nasi tumefuata desturi hiyo ya wadhamini hadi leo. Lakini kila aliyekaa katika ofisi ya ushirika amewahi kuona ndugu wawili wasiosalimiana msibani kwa sababu mmoja alimdhamini mwenziwe akakimbilia Tabora. Akiba inapokuwa mdhamini, shemeji halazimiki kutia saini kwa aibu, wala mbuzi wa mjomba hawashikwi. Na zaidi ya hayo, shamba halishikwi. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 mwanakijiji aweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na baadhi ya wakopeshaji huikubali kuwa dhamana. Hatusemi ni vibaya. Twasema tu kwamba mtu anayejaribu kulirudisha jina lake asianze kwa kuweka shamba la watoto. Aanze na kitu ambacho akikipoteza atalala na njaa ya mwezi mmoja, si ya maisha.

Hata hivyo yatupasa kusema habari za aliyeshindwa, maana hotuba za sherehe hupenda kuwataja walioshinda tu. Mwanachama wetu mmoja, kijana mwenye pikipiki, aliweka akiba yake yote, akakopa, kisha akakaa. Aliwaambia wenziwe, "Hawana la kunifanya, fedha yao wanayo wenyewe." Baada ya miezi minne chama kikaichukua akiba kulipia deni. Yeye akaona hakuna aliyedhulumiwa. Lakini taarifa ilikwisha kwenda: miezi minne ya kutolipa. Alikuwa na doa moja, sasa ana mawili, na akiba hana. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba dhamana hulinda jina la mkopaji. Dhamana humlinda mkopeshaji. Jina hulindwa na tarehe.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, mnapotaka kuchukua mkopo wa namna hii, ulizeni kwanza swali moja kabla ya kuuliza riba: je, habari za malipo yangu zitapelekwa kwenye kanzidata, au zitabaki katika kabati lenu? Mkopo usioripotiwa waweza kukufaa kwa mambo mengine, lakini kwa kazi ya kurudisha jina ni sawa na kuimba usiku watu wamelala. Mkopeshaji akisita kujibu, ondokeni. Na kama kuna deni la zamani lisilolipwa, lilipeni kwanza, mpewe barua ya kumaliza deni, muitunze. Hakuna mkopo mpya ufutao deni la kale.

Jambo lililotusumbua sana ni tarehe zenyewe. Mshahara wa karani hutoka kila mwezi, na mikopo hii imetengenezwa kwa kipimo cha mshahara. Mkulima wa Singida ana masika moja tu. Hupanda mvua zianzapo mwishoni mwa mwaka, akavuna kuanzia Mei, na fedha yake yote hupita mkononi katika wiki chache. Na bei haimsubiri: mnakumbuka mwaka 2023, mafuta ya kula kutoka nje yalipojaa sokoni na bei ya alizeti ikaanguka hata wengine wakaacha magunia ndani. Mtu akiahidi kulipa kila mwezi kwa fedha ya alizeti, anaahidi asichokuwa nacho. Ndiyo maana shauri letu limekuwa kwamba mkopo wa kujenga jina usitegemee shamba, bali utegemee kile kinacholeta fedha ndogo ndogo mwaka mzima. Hapa kwetu hicho ni kuku. Kila basi linalosimama Singida mjini lajua sifa ya kuku wetu wa kienyeji. Mama mwenye kuku ishirini wa kutaga aweza kutenga shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwenye ekari kumi za alizeti huenda asiweze mwezi wa Februari. Wenzetu wa Itigi na Manyoni wana asali, ingawa nayo ina majira yake. Kwa mazao yenyewe iko njia ya stakabadhi ghalani chini ya sheria ya mwaka 2005, ambapo mzigo uliomo ghalani ndio unaokuwa dhamana. Lakini hiyo ni hotuba nyingine, na Meneja wa ghala ataisema vizuri kuliko sisi.

Tuseme pia neno juu ya simu. Vijana wetu wengi wamekwisha kujiandikia historia ya mikopo bila ya kujua, kwa shilingi 10,000 za kwenye simu walizozisahau. Kwa majirani zetu wa Kenya, ambako mabenki yalianza kupashana habari za wakopaji mwaka 2010, watu wengi sana waliingia katika orodha ya wasiolipa kwa madeni madogo ya simu, hata mwaka 2020 Benki Kuu ya nchi hiyo ikazuia kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000 za kwao. Deni dogo halisahauliki kwa kuwa dogo. Na wapo wakopeshaji wasio na leseni, wale tunaowaita kausha damu, wanaowapigia simu ndugu na mabosi wa mdeni kumtangazia aibu. Mwaka 2024 Benki Kuu yetu ilitangaza orodha ya programu za simu zinazokopesha bila ya kibali. Hao hawajengi jina la mtu yeyote. Ukiwalipa vizuri hakuna pa kuandikwa, na usipowalipa wanaliandika jina lako katika simu ya mama mkwe.

Wapo wanachama wetu wasiokubali riba kwa sababu ya dini, nao ni wengi katika wilaya zetu. Hao hatuwashurutishi. Yapo mabenki yenye huduma zisizo na riba, ambako biashara hufanywa kwa kununua na kuuza kwa malipo ya polepole, na malipo hayo nayo huandikwa kwa tarehe. Afisa atakayekuwa mezani leo atawaeleza. Sisi si wajuzi wa fikihi.

Sasa turudi kwa mama wa Ilongero, kwa kuwa mtatuuliza. Hakutuamini tena kwa urahisi, na alikuwa na haki. Aliweka akiba yake kidogo kidogo, akakopa kwa dhamana yake shilingi 150,000, akalipa mwenyewe kwa mkono wake kila tarehe 5, wala hakukubali ofisi imkatie hata senti. Stakabadhi zote amezitunza katika kopo la maziwa ya unga. Alipomaliza alikopa mara ya pili, akamaliza tena. Kisha akarudi benki. Hakupewa kiasi alichoomba. Alipewa pungufu ya nusu, na mashine aliyonunua ni ya mayai machache kuliko ile aliyoitaka. Lakini inafanya kazi, na vifaranga vyake vimefika hata Mkalama. Tulipomwomba ruhusa ya kulisimulia jambo hili leo, alikubali kwa sharti kwamba jina lake tusilitaje na kosa letu tulitaje.

Kwa sababu yake Bodi ilipitisha utaratibu mpya. Fedha za makato ya wanachama haziingii tena katika hesabu ya uendeshaji wa chama. Zina hesabu yake peke yake benki, na haitoki fedha humo bila ya saini tatu, moja ikiwa ya mjumbe aliyechaguliwa na wakopaji wenyewe. Zikishakatwa, hupelekwa katika siku saba. Orodha ya waliokatwa na tarehe ya kupelekwa hubandikwa mlangoni pa kila ghala, ili mtu asiyejua kusoma amwombe mwanawe amsomee. Tangu utaratibu huo uanze, mara moja tulichelewa siku mbili kwa sababu ya mtandao wa benki, na wanachama walitujia ofisini asubuhi na mapema kabla hatujafungua dirisha. Tulifurahi, ingawa siku ile hatukufurahi sana.

Wapo bado wanachama wa msimu ule ambao hawajarudi benki kabisa, kwa hasira au kwa kukata tamaa. Majina yao tunayo. Bodi imekubali kwamba kwa hao, riba ya mkopo wao wa kwanza wa dhamana ya akiba italipwa na Chama Kikuu kutoka katika fungu la ziada, kwa kuwa si haki mtu anunue kwa fedha yake kitu ambacho sisi tulimpotezea. Mkutano huu utaombwa kulipigia kura jambo hilo kabla ya chakula. Wajumbe watakaolipinga kwa hoja ya gharama wamekwisha kutuonyesha hesabu zao, nazo ni za kweli. Nasi tumeonyesha zetu.

Baada ya kura, meza itawekwa kwenye kivuli cha ghala, upande wa mizani. Mje na kitambulisho cha Taifa na kitabu cha akiba. Wale wa msimu ule waje na karatasi zao za makato kama bado wanazo. Ambaye hana asihofu, nakala zake tunazo sisi.